Jina Likabaki, Funguo Zikaenda: Suluhu ya Kaynarca ya Mwaka 1774



Huenda katika nyumba yako iko karatasi iliyotiwa sahihi kwa haraka. Pengine ni hati ya shamba la marehemu babu, au mapatano ya kupangisha chumba cha uani, au deni la duka lililoandikwa nyuma ya bahasha. Siku ile wote walikuwa radhi. Kahawa ilinywewa, mikono ikapeanwa, na yule aliyesema angojewe kidogo aisome alionekana mtu wa shaka. Miaka ikapita. Waliokuwepo wakatangulia mbele ya haki, na karatasi ikabaki kusema peke yake. Hapo ndipo watoto walipogundua kwamba neno moja liliwekwa mahali ambapo lilistahili neno jingine.

Jambo hili huzipata nyumba, na huzipata dola pia. Leo nataka twende pamoja mpaka katika kijiji kidogo kilicho kusini ya mto Danube, katika nchi ambayo siku hizi ni Bulgaria. Jina la kijiji hicho ni Küçük Kaynarca, maana yake Kaynarca Ndogo. Huko, tarehe 21 Julai 1774, mwaka 1188 wa Hijria, wajumbe wa Dola ya Uthmania na wa Dola ya Urusi walitia sahihi mkataba wa amani. Mkataba huo ulikuwa na vifungu 28, na vingine viwili vya siri. Ulimaliza vita vya miaka sita. Lakini pia uligeuza mizani iliyokuwa imesimama kwa karne tatu, na Waislamu wa rasi ya Krimea wakalipa thamani yake kizazi baada ya kizazi.

Si kwamba Waturuki walinyang'anywa nchi kubwa siku ile. Ukiitazama ramani utaona kwamba sehemu nyingi walizokuwa wamepoteza vitani walirudishiwa. Walichopoteza kilikuwa ndani ya maneno. Kwa hiyo kisa hiki kinatufaa sote, hata sisi tusio na jeshi wala dola.

BAHARI ILIYOKUWA ZIWA

Kwanza tujue hali ilivyokuwa. Mwaka 1475 Waturuki waliuteka mji wa Kaffa katika Krimea, na Makhani wa Watatari waliotawala rasi hiyo wakaingia chini ya himaya ya Sultani. Makhani hao walikuwa wa ukoo wa Giray, na nasaba yao ilifika kwa Genghis Khan. Makao yao yalikuwa mji wa Bahçesaray. Tangu hapo Bahari Nyeusi ikawa kama ziwa la nyumbani kwa Istanbul. Nafaka, samaki, chumvi, ngozi na samli vilipita humo kwenda kulisha mji mkuu, wala merikebu za mataifa ya nje hazikuachiwa kufanya biashara humo.

Tusifiche na upande wa pili, kwani historia inayosimulia mema tu hugeuka kuwa hadithi ya kujisifu. Watatari kwa muda mrefu walipata sehemu ya mali yao kwa kuvamia nchi za Waslavi na kuteka watu, kisha kuwauza katika soko la Kaffa. Hata katika majira ya baridi ya mwaka 1769 Khan Kırım Giray aliongoza uvamizi wa namna hiyo. Urusi ilikuwa na kisasi cha zamani, na kisasi cha zamani hakikosi kutafuta mlango.

Mlango huo Urusi iliwahi kuubisha ikashindwa. Mwaka 1711 mfalme Peter Mkuu alizingirwa na jeshi la Waziri Mkuu Baltacı Mehmed Pasha karibu na mto Pruth. Akalazimika kuirudisha ngome ya Azov ndipo akaachiwa kuondoka. Ikumbuke tarehe hiyo, ndugu msomaji. Tangu Pruth mpaka Kaynarca ni miaka 63 tu. Mtoto aliyezaliwa siku ya ushindi aliweza kuishi mpaka akaiona siku ya hizaya.

MIAKA YA KULALA

Nini kilichotokea kati ya siku mbili hizo? Baada ya suluhu ya Belgrade ya mwaka 1739 Dola ya Uthmania ilikaa karibu miaka 30 bila vita na dola za Ulaya. Amani ni neema. Lakini neema ikikosa shukrani huwa mtihani, na shukrani ya amani ni kuitumia kutengeneza kilichoharibika. Wakati wa miaka hiyo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakipigana wenyewe kwa wenyewe, na kila vita viliwafundisha jambo jipya la mizinga, la kulisha askari, na la kutembea kwa mpango. Istanbul haikujifunza pamoja nao.

Jeshi la Yanisari, ambalo zamani lilikuwa hofu ya ulimwengu, lilikuwa limebaki zaidi katika daftari. Vyeti vya mishahara ya askari vilinunuliwa na kuuzwa kama bidhaa. Mwenye duka alikuwa na vyeti vya askari watano naye hajapata kushika bunduki. Hazina ililipa, majina yalisomwa, na siku ya vita wenye majina hawakuonekana. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa palikuwa na daftari, lakini daftari lenyewe lilikuwa la uongo, na hilo ni baya zaidi.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Sultani Mustafa wa Tatu, ambaye alipenda sana ilimu ya nyota. Husimuliwa kwamba alimwomba mfalme Frederick wa Prussia ampelekee wanajimu watatu hodari. Mfalme akamjibu kuwa wanajimu wake yeye ni watatu: kusoma historia, kulizoeza jeshi wakati wa amani, na kuwa na hazina iliyojaa. Kisa hiki huenda kimetiwa chumvi na wasimulizi, lakini kimedumu kwa sababu watu waliona ndani yake picha ya hali yenyewe.

Mwaka 1768 wapiganaji wa upande wa Urusi, wakiwafukuza Wapoland walioasi, walivuka mpaka wakaushambulia mji wa Balta uliokuwa katika ardhi ya Sultani. Hasira ikapanda Istanbul. Balozi wa Urusi akatiwa katika ngome ya Minara Saba, na mwezi wa Oktoba vita vikatangazwa. Kosa walilofanyiwa lilikuwa kosa la kweli. Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kuwa tayari ni jambo jingine.

MOTO WA CHESME

Mwaka 1770 misiba ilikuja kwa mfululizo. Malkia Catherine wa Pili wa Urusi alipeleka merikebu zake kutoka Bahari ya Baltic, zikaizunguka Ulaya yote ya magharibi, zikapita Gibraltar na kuingia Bahari ya Kati. Mwezi wa Julai manowari za Uthmania zilikuwa zimejibana katika ghuba ndogo ya Chesme, mkabala na kisiwa cha Chios. Warusi wakazitia moto kwa merikebu za kuwasha, na katika usiku mmoja karibu zote ziliteketea. Wiki chache baadaye, kwenye mto Kagul, jenerali Rumyantsev alilivunja jeshi la Waziri Mkuu Halil Pasha. Jeshi lake Rumyantsev lilikuwa dogo kwa mbali. Mwaka 1771 Warusi wakaingia Krimea yenyewe, na mwaka uliofuata wakafanya mapatano na Khan mpya ya kwamba nchi yake haiko tena chini ya Istanbul.

Ndugu msomaji, hapo paliwezekana kusimama. Mwaka 1772 na 1773 wajumbe wa pande mbili walikutana, kwanza Focşani kisha Bucharest. Mambo mengi yalikaribia kupatana isipokuwa la Krimea. Ulamaa wa Istanbul walilikataa kwa sababu za dini. Waliuliza: vipi umma wa Kiislamu utengwe na imamu wake kwa amri ya mfalme asiyekuwa Muislamu? Swali lao lilikuwa zito, nami silidharau. Lakini hakuna aliyeweza kuwajibu swali la pili, nalo ni hili: kwa jeshi gani tutalizuia jambo hilo? Mazungumzo yakavunjika, vita vikaendelea.

Mwezi wa Januari 1774 Sultani Mustafa alifariki, na ndugu yake Abdulhamid wa Kwanza akashika nafasi. Mwezi wa Juni jeshi la Uthmania likashindwa Kozludzha. Waziri Mkuu Muhsinzade Mehmed Pasha, mzee aliyekuwa na busara na tangu mwanzo hakuvipenda vita hivi, alijikuta amezingirwa katika mji wa Shumla huku askari wake wakimkimbia. Akaomba suluhu.

La kusikitisha ni kwamba Urusi nayo ilikuwa taabani. Tangu mwaka 1773 palikuwa na maasi makubwa ya Pugachev ndani ya nchi yao, na katika mwezi uleule wa Julai 1774 waasi waliuingia mji wa Kazan na kuuchoma moto. Catherine aliihitaji amani naye. Lakini mwenye kuzingirwa hana nafasi ya kuuliza jirani yake analala vipi. Mambo yaliyobishaniwa kwa miaka miwili yakamalizwa kwa siku chache. Kwa upande wa Urusi alikuwepo Prince Repnin, kwa niaba ya Rumyantsev. Kwa upande wa Uthmania walikuwepo Ahmed Resmi Efendi na Ibrahim Münib Efendi. Mzee Muhsinzade hakuiona tena Istanbul. Alifariki njiani akirudi, wiki chache baadaye.

YALIYOANDIKWA

Sasa tutazame karatasi yenyewe. Urusi iliyarudisha majimbo ya Wallachia na Moldavia, ingawa kwa masharti, na visiwa vya Bahari ya Aegean. Kwa yenyewe ilichukua sehemu chache tu: Azov, Kinburn kwenye mdomo wa mto Dnieper, na ngome mbili za Krimea, yaani Kerch na Yenikale. Mtu wa mbali angesema Waturuki wameponea.

Lakini zitazame sehemu hizo zilipo. Kerch na Yenikale ziko penye mlango wa kutoka bahari ya Azov kuingia Bahari Nyeusi. Kinburn iko penye mlango wa mto. Urusi haikuchukua nyumba. Ilichukua funguo.

Pamoja na hayo Istanbul ilikubali kulipa mifuko 15,000 ya fedha, kila mfuko kurushi 500, jumla kurushi 7,500,000, kwa muda wa miaka mitatu. Merikebu za biashara za Urusi zikapata ruhusa ya kutembea katika Bahari Nyeusi na kupita katika milango ya Istanbul. Mabalozi wadogo wa Urusi wakapata ruhusa ya kukaa popote watakapoona inafaa. Na malkia wao akaandikwa kwa cheo cha Padishah, ambacho masultani hawakuwa wakikitoa ovyo.

Kisha yakaja mambo mawili mazito kuliko yote.

La kwanza ni kifungu cha 3. Watatari wa Krimea walitangazwa kuwa taifa huru, lisilokuwa chini ya Sultani wala chini ya Urusi, lenye kumchagua Khan wake lenyewe. Ila katika mambo ya dini watamfuata Sultani, kwa kuwa yeye ni khalifa wa Waislamu. Wajumbe wa Istanbul walilishika neno hili kwa nguvu, na wengi walilihesabu kuwa ndilo walilookoa. Wataalamu wa historia hukitaja kifungu hiki kuwa ndipo mahali ambapo dola za Ulaya zilikubali kwa maandishi kwamba Sultani ana mamlaka ya kidini juu ya Waislamu walio nje ya nchi yake. Jina likabaki. Lakini Khan atakapotishwa, khalifa wake hana ngome moja katika rasi hiyo, na Urusi inazo mbili.

La pili ni vifungu vya 7 na 14. Katika cha 7 Sultani aliahidi kuilinda dini ya Kikristo na makanisa yake katika nchi yake, na akakubali kwamba balozi wa Urusi aweze kusema naye juu ya kanisa moja jipya la Istanbul na watumishi wake. Kanisa hilo ndilo lililotajwa katika kifungu cha 14, kuwa litajengwa mtaa wa Beyoğlu. Maneno haya, ukiyasoma kwa insafu, ni madogo. Ni kanisa moja, na kanisa lenyewe halikujengwa kamwe. Lakini mkataba uliandikwa kwa lugha tatu, Kirusi, Kituruki na Kitaliano, na mataifa mengine waliusoma zaidi katika tafsiri ya Kifaransa iliyotoka kwa Warusi. Kadiri miaka ilivyokwenda, Urusi iliviunga vifungu viwili hivyo ikadai kwamba imepewa haki ya kuwasemea Wakristo wote wa Kiorthodoksi katika dola nzima, watu mamilioni kwa mamilioni. Uzi mmoja ukavutwa mpaka ikaja shuka nzima.

Balozi wa Austria aliyekuwa Istanbul siku hizo aliandika kwamba mkataba huu ni mfano wa ufundi wa Warusi na upumbavu wa Waturuki. Hakuwa mwadilifu. Ahmed Resmi hakuwa mpumbavu hata kidogo. Alipata kuwa mjumbe wa Sultani huko Vienna na Berlin, aliijua Ulaya, na baada ya vita aliandika kitabu alichokiita Khulasa ya Mazingatio, akawalaumu bila kuogopa wale waliokimbilia vita pasipo matayarisho. Kalamu yake haikukosa ujuzi. Alipelekwa mezani mikono mitupu, na mwenye mikono mitupu hata akiandika vizuri, mwenye nguvu ndiye atakayefasiri.

YALIYOFUATA

Uhuru wa Krimea uliishi miaka tisa. Mwaka 1777 Urusi ilimsaidia Şahin Giray kuwa Khan. Raia zake wakamwasi, na jeshi la Urusi likaingia kumlinda. Mwaka 1778 Wakristo wa Krimea, ambao wengi wao walikuwa mafundi, wakulima na wafanyabiashara, walihamishiwa Urusi, na Khan akabaki na hazina tupu. Mwaka 1779 Istanbul ikamkubali kwa mkataba mwingine. Kisha mwaka 1783 Catherine akatangaza kwamba Krimea ni yake. Sultani akanyamaza, na mwanzoni mwa mwaka 1784 akakubali. Vita vya kujaribu kuikomboa, tangu 1787 mpaka 1792, vilimalizika kwa suluhu ya Jassy iliyothibitisha khasara ileile. Şahin Giray mwenyewe aliishia kuuawa katika kisiwa cha Rhodes mwaka 1787, kwa amri ya dola ileile aliyoikimbilia.

Warusi wakajenga Kherson mwaka 1778, Sevastopol mwaka 1783, na Odessa mwaka 1794. Ile bahari iliyokuwa ziwa la Istanbul ikawa na mwenyewe wa pili. Watatari maelfu kwa maelfu wakaihama nchi ya baba zao, wimbi baada ya wimbi. Waliobaki, kizazi chao kilipata msiba mwingine mwezi wa Mei 1944, pale serikali ya Stalin ilipowahamisha wote kwa nguvu, zaidi ya watu 180,000, wakatupwa Asia ya Kati na kwingineko. Na ugomvi juu ya rasi hiyo haukufa, kwani mwaka 2014 ulizuka tena baina ya Urusi na Ukraine.

Na ule uzi wa kifungu cha 7? Mwaka 1853 mjumbe wa Urusi, Prince Menshikov, alifika Istanbul akadai haki hiyo ya kuwasimamia Waorthodoksi iandikwe waziwazi. Sultani alikataa, vikazuka vita vya Krimea, Uingereza na Ufaransa zikaingia upande wa Istanbul, na watu mamia ya maelfu wakafa kabla ya suluhu ya Paris ya mwaka 1856. Haya yote yakitokana na maneno machache yaliyoandikwa miaka 79 nyuma.

Hata lile jina lililookolewa liligeuka kuwa desturi ya kujifariji. Bosnia ilipochukuliwa moja kwa moja na Austria, mapatano ya mwaka 1909 yaliruhusu jina la Sultani liendelee kutajwa misikitini kama khalifa. Libya ilipochukuliwa na Italia, mapatano ya mwaka 1912 yalisema hivyohivyo. Kila nchi ilipokwenda, jina liliachwa nyuma mfano wa kilemba kilichosahauliwa kwenye kiti. Mwezi wa Machi 1924 jina lenyewe nalo likafutwa.

SULUHU NYINGINE

Ndugu msomaji, mtu anaweza kusema kwamba mshindwa hana la kufanya. Basi tukumbuke suluhu nyingine, unayoijua tangu chuoni.

Mwaka wa sita wa Hijria, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alitoka Madina na Waislamu kiasi cha 1,400 kwenda kufanya umra. Makuraishi wakawazuia, na pale Hudaybiya ukaandikwa mkataba. Mjumbe wa Makuraishi, Suhayl bin Amr, alikataa karatasi isimwite Muhammad Mtume wa Mwenyezi Mungu. Sayyidna Ali, aliyekuwa akiandika, alishindwa kulifuta neno lile. Mtume (s.a.w.) akakubali lifutwe, liandikwe jina lake na la baba yake tu. Waislamu wakarudi Madina bila kuiona Kaaba, na mioyo ya masahaba ikaumia.

Lakini alipata nini? Alipata miaka kumi ya kutopigana iliyoandikwa katika karatasi, na nafasi ya watu kukutana, kusikilizana na kuingia katika Uislamu kwa hiari. Makuraishi ndio waliouvunja mkataba huo, na miaka miwili baada ya Hudaybiya Mtume (s.a.w.) aliingia Makka na watu 10,000.

Zipime suluhu mbili hizi. Hudaybiya cheo kilifutwa katika karatasi, na jambo lenyewe likapatikana. Kaynarca cheo kiliandikwa katika karatasi, na jambo lenyewe likapotea. Mtume (s.a.w.) alijua kwamba utume wake haupungui kwa kufutwa kwenye ngozi, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Mwenye kitu cha kweli haogopi kukosa jina lake. Anayeng'ang'ania jina mara nyingi ni yule ambaye kitu chenyewe kimekwisha kumtoka.

TUCHUKUE NINI?

Mazingatio ya kwanza ni ya kutazama zaidi ya jina. Wangapi kati yetu tumeridhika kuitwa wenye nyumba, na huku kodi anakula mwingine? Wangapi tumeridhika kuitwa wazee wa ukoo, na watoto wa ukoo hatujui wanasoma wapi? Jina zuri ni jambo jema, lakini uliza kila siku: funguo ziko kwa nani?

La pili ni haki. Kuwalinda raia wasiokuwa Waislamu ulikuwa wajibu wa Sultani kwa sheria yake mwenyewe, kabla hajaja Mrusi kumwambia. Lakini mwaka 1770, Wagiriki wa Morea walipoasi kwa kuchochewa na Warusi, askari wa kukodi waliopelekwa kuwatuliza waliendelea kuwanyang'anya na kuwaua kwa miaka. Mahali penye malalamiko ya kweli, mgeni hakosi kisingizio. Wajibu tunaouacha kati yetu na Mola wetu huja siku moja ukawa deni mikononi mwa mtu mwingine, naye atalidai kwa faida yake. Mume asiyempa mke haki yake, au ndugu anayezuia urithi wa dada zake, asishangae kumwona jirani anaingia nyumbani kwake kuwa msuluhishi, kisha hatoki.

La tatu ni kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Imeamrisha awepo mwandishi muadilifu, wawepo mashahidi, na tusichoke kuandika liwe jambo dogo au kubwa. Basi usione haya kusema: ngoja kwanza niisome. Na kama karatasi iko kwa lugha usiyoijua, mtafute unayemwamini akufasirie, kabla ya sahihi si baada yake.

La nne, na ndilo la asili, ni matayarisho. Kaynarca haikushindwa siku ya tarehe 21 Julai. Ilishindwa katika ile miaka 30 ya amani, katika vyeti vya askari wasiokuwapo, katika ufa ambao kila mtu aliuona na hakuna aliyeuziba. Baada ya msiba dola ilifungua shule za hesabu na za mabaharia, na Hasan Pasha, aliyeokoka moto wa Chesme, akaanza kuzitengeneza manowari upya. Ilikuwa kazi njema iliyochelewa.

Basi usiku wa leo, baada ya isha, ifungue ile sanduku ya karatasi za nyumbani. Zisome pamoja na watoto. Neno lisiloeleweka liulizieni sasa, maadamu wazee waliokuwepo wako hai na ndimi zao zinaweza kusema.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusikia ya waliopita tukazingatia, na atuhifadhie amani tuliyonayo kwa kutuwezesha kuitumia vyema. Amin.